Kifo cha Ng'ombe wa Mwalimu Joackim

Mimi ni Inspekta Maimuna Zahoro, mzaliwa wa Miembeni, Bukoba mjini, na nikikwambia kwamba mkoa huu hauna mpelelezi anayejua kuuliza maswali kunizidi, sijisifu, nakupa taarifa tu. Wakubwa wangu wanalijua hilo, ingawa hawapendi kulisema. Ndiyo maana jalada la ng'ombe wa Kamachumu lilipoanza kunuka, hawakumtafuta mtu mwingine.

Ukiliangalia juu juu, kesi ilikuwa imekwisha. Ng'ombe wa maziwa wa Mwalimu Joackim, mwalimu mkuu mstaafu, alikufa ghafla siku ya Jumapili. Mwalimu akaiuliza programu ya mifugo iliyomo kwenye simu yake, nayo ikasema ameuawa kwa sumu ya dawa ya kunyunyizia mimea. Mwishoni mwa wiki hiyo polisi wakaenda kumpekua jirani yake, Clavery, ambaye ana ugomvi naye wa mpaka wa kibanja, shamba la migomba la nyumbani. Wakamkuta na pampu ya dawa ya kahawa, na mkononi ana kidonda cheusi. Wakamkamata. Siku iliyofuata watu ambao kijiji kizima kinawajua na hakuna anayewataja wakaingia kibanjani kwa Clavery wakaifyeka migomba yake. Kwetu, kumfyekea mtu migomba ni kumwambia ahame yeye na watoto wake. Kilichobaki ni mimi kutia saini, jalada liende kwa mwendesha mashtaka, na Clavery aende gerezani.

Kitu kimoja kilinikera. Shahidi mkuu wa kesi alikuwa simu, na hakuna aliyekuwa amemhoji.

Nilimkuta Clavery amekaa sakafuni mahabusu, mkono wa kulia ameulaza juu ya goti. Ni mwanamume mfupi mwenye mabega ya mlimaji. Koplo Buberwa wa kituo cha Kamachumu alinifungulia mlango akiwa na tabasamu la mtu aliyekwisha kupandishwa cheo.

"Afande, ushahidi wote uko kwenye huo mkono," alisema. "Dawa yake imemchoma mwenyewe."

Niliinama nikautazama. Juu ya kifundo palikuwa na kidonda kama sarafu, katikati cheusi tii, pembeni kimezungukwa na malengelenge madogo. Mkono ulikuwa umevimba mpaka kiwikoni.

"Kinauma?"

"Hakiumi, Afande. Hicho ndicho kinachonishangaza. Mwili ndio unaochemka."

"Ulikipataje?"

"Sijui."

Buberwa akaguna. "Eti hajui. Kila tukimuuliza, hajui. Mtu asiye na hatia anajieleza, Afande."

"Koplo, nikitaka maelezo yako nitakuomba," nikamwambia, kisha nikamgeukia Clavery. "Ulimgusa ng'ombe?"

"Nilimchuna. Mimi na wenzangu wawili. Mwalimu alitoka misa akamkuta amelala karibu na mpaka, amekwisha kufa. Akatuita tuwahi nyama isiharibike. Tulikuwa tumefika mbavuni alipotuambia tuache, simu imesema sumu. Tukafukia kila kitu, nyama na ngozi."

"Hao wenzako ni akina nani?"

Aliangalia chini. "Wana watoto, Afande. Nikiwataja mtawaweka humu pamoja nami."

Nje, kwenye benchi, alikuwa amekaa mkewe, Annastella, na kapu la ndizi za kupika ambazo hakuna aliyemruhusu kuziingiza. Alisimama aliponiona.

"Inspekta, mume wangu na Mwalimu wamegombania ule mpaka tangu nimeolewa," alisema. "Jumamosi wanarushiana maneno, Jumapili wanakaa benchi moja kanisani. Clavery hawezi kumtilia sumu hata panya wa Mwalimu."

"Mama, sina cha kukuahidi."

"Sikuombi ahadi. Nakuomba uulize. Hapa tangu wamchukue hakuna aliyeuliza, wanaambiana tu."

Huyo mwanamke nilimpenda papo hapo.

Mwalimu Joackim alinipokea sebuleni kwake, amevaa koti zito mchana wa jua, mkono wa kulia ameuzamisha mfukoni. Ni mzee mrefu, aliyenyooka, mwenye sauti iliyozoea kusikika mpaka mwisho wa mstari wa wanafunzi. Nusu ya kata ile imejifunza kusoma kwake. Nilimsalimu kwa heshima yake, kasinge waitu, akaitikia vizuri, akanikaribisha kiti. Halafu akachukua kisahani cha kahawa ya kutafuna akanipa kwa mkono wa kushoto.

Niliipokea. Kusema kweli iliniuma kidogo. Mtu aliyefundisha adabu tarafa nzima kunipa kahawa kwa mkono wa kushoto, mimi mgeni wake. Nikamezea.

"Mtabibu ndiye huyu," alisema, akiiweka simu mezani. "Unamweleza hali ya mnyama, anakuuliza maswali, unajibu, anakwambia ugonjwa. Aliyemtengeneza ni binti wa hapahapa Kamachumu, Kokushubila. Hesabu nilimfundisha mimi."

"Alikuuliza mengi?"

"Mengi. Hakuna hata moja lililonishinda."

"Na ng'ombe alianza kuumwa saa ngapi?"

"Nilikuwa misa ya kwanza. Nimerudi nimemkuta amelala, amekwisha. Damu inamtoka puani, nyeusi, wala haigandi. Tukaanza kumchuna, nafsi ikanikataa, nikamuuliza Mtabibu. Akasema sumu. Clavery ana sumu. Sasa, Inspekta, hapo unahitaji digrii?"

"Naye Clavery anasema hajui lolote."

"Mtu mzima kusema hajui," alisema Mwalimu, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli.

Nilimshukuru kwa kahawa, nikageuza gari kurudi Bukoba.

Ofisi ya Kokushubila iko juu ya duka la vitambaa, hapohapo Miembeni, karibu na kwa mama yangu. Ni binti mwembamba, miwani mikubwa, mwenye tabia ya kukutazama mpaka umalize sentensi. Ukutani alikuwa na picha moja tu, ya mzee mwenye buti za mpira akicheka zizini.

"Huyo ni marehemu Daktari Kamala," alisema. "Amezunguka mazizi ya Muleba na Bukoba maisha yake yote. Alipoanza kuugua nilikwenda kukaa naye kwake Ijuganyondo, nikamrekodi. Akisema ugonjwa fulani, namuuliza, umejuaje? Akijibu, namuuliza, na hicho nacho umekijuaje? Alinichoka. Alisema hajawahi kuona mtoto msumbufu kama mimi."

Nikacheka, maana hiyo kazi ni yangu kabisa.

"Kwa hiyo hii ni akili mnemba?"

"Ni tawi lake la zamani, dada Maimuna, ambalo watu wengi wamelisahau. Hizi zinazotunga barua na mashairi zimesoma maandishi ya dunia nzima, zinakisia maneno. Mtabibu hakisii. Huu ni mfumo wa kitaalamu. Unachukua ujuzi wa bingwa mmoja, unauvunjavunja kuwa kanuni. Kama hiki kipo na kile kipo, basi jambo ni hili. Daktari amefariki, lakini mfugaji wa Kamachumu bado anamuuliza, na anajibiwa." Aliinua kidevu alipolisema hilo, na sikumlaumu. Hata mimi niliona fahari, na sikuwa nimefanya lolote.

"Nani anaweza kuzibadilisha hizo kanuni?"

"Mimi peke yangu."

"Basi kwa sasa mtuhumiwa wangu ni wewe. Usikasirike."

"Sikasiriki. Vuta kiti."

Nilikuwa nimekuja na wazo hilo toka Kamachumu. Mtu akitaka kumfunga jirani, anaichezea mashine, mashine inasema sumu, kwisha kazi. Tukaanza. Kokushubila alifungua sauti ya marehemu akieleza sumu, mimi nikafuatisha kwenye kioo kanuni iliyoandikwa. Halafu akafungua ya kimeta, ugonjwa unaoua ng'ombe ghafla na kuambukiza hata watu. Mzee alikohoa, akachanganya Kiswahili na Kihaya, akawatukana wafugaji wanaoficha mambo, lakini alichokisema ndicho kilichoandikwa, neno kwa neno. Nikamtaka Kokushubila arudie. Akarudia. Hakuna aliyeichezea mashine. Wazo langu zuri likaishia hapo, na nilikuwa nimelipenda.

"Sasa nataka kumhoji shahidi," nikasema.

Kokushubila akafungua majibu ya Mwalimu Joackim, akanionyesha kitufe kilichoandikwa *Kwa nini?* "Bonyeza. Kila anachosema lazima akuonyeshe amekitoa wapi."

Nikabonyeza. Mtabibu akajibu: *Nimesema sumu kwa sababu ng'ombe alitetemeka na kutokwa mate mengi kabla ya kufa. Umejibu Ndiyo.*

Nikabonyeza tena. *Damu nyeusi isiyoganda ilinifanya nishuku kimeta. Nimekiondoa kimeta kwa sababu ng'ombe alichanjwa mwaka huu. Umejibu Ndiyo.*

Katika kazi hii nimehoji wezi, waganga wa uongo na wenyeviti wa vyama. Hakuna aliyewahi kunieleza anachojua, amekijuaje na nani kamwambia, bila kwanza kuomba maji ya kunywa. Nilitamani niwe na mashahidi kumi wa aina hiyo. Nikakisoma tena kile cha kwanza, na hapo nikakaa wima.

"Alitetemeka kabla ya kufa," nikasema. "Nani alimwona?"

"Mwalimu amejibu Ndiyo."

"Mwalimu alikuwa kanisani. Ameniambia mwenyewe leo, alirudi akamkuta amekwisha. Amemwonaje akitetemeka?"

Kokushubila alivua miwani. "Dada, Mwalimu Joackim si mwongo. Mimi huyo alinichapa darasa la tano kwa kudanganya kuhusu mkasi."

"Ameidanganya mashine yako."

"Hapana. Ngoja." Alifikiri, kisha akanisogezea kompyuta. "Wewe ndiye mwenye ng'ombe. Jibu."

Maswali yakaanza. Ng'ombe ana umri gani, anakula nini, anafungwa wapi. Nikajibu haraka haraka, ng'ombe wangu wa kubuni nikamwona kabisa. Likaja swali, je, ng'ombe wako alichanjwa chambavu? Nikabonyeza *Hapana*.

"Chambavu ni nini?" Kokushubila akaniuliza.

Niligeukia picha ya Daktari ukutani, kana kwamba angeninong'oneza.

"Mbona hukubonyeza hiki?" Alionyesha kitufe cha tatu, kikubwa tu, palepale chini ya *Ndiyo* na *Hapana*. Kimeandikwa *Sijui*. Nilikuwa nimekiona. Kidole changu hakikutaka kwenda huko.

"Mimi ni Inspekta," nikasema.

"Na yeye ni mwalimu mkuu."

Nikakitazama tena kile kitufe.

"Kuna wanaokibonyeza?" nikauliza.

"Wapo. Wavuvi wa visiwani wanaofuga mbuzi wanakibonyeza sana. Wageni waliohamia wanakibonyeza. Kamachumu..." Akaanza kucheka, kicheko kikamkatika. "Kamachumu hakuna. Hata mmoja. Nilidhani ni kwa sababu watu wetu wanawajua wanyama wao. Nilikuwa najivunia."

Nchi nzima inatutania Wahaya kwa jambo hili. Wanatuita nshomile, watu tuliosoma, watu wasiokosa jibu, nasi tunacheka kwa sababu tunaona ni sifa. Na ni sifa kweli, sitaikana hapa wala popote. Wazee wetu walivunjika migongo kwenye kahawa ili mtoto aende shule, na mtoto akirudi anaulizwa swali mbele ya watu, ole wake akose jibu. Ila sasa jibu la upesi lilikuwa limemweka mtu mahabusu. Nikamkumbuka Buberwa akiguna. Katika kesi nzima, mtu mmoja tu alikuwa amesema sijui, na huyo ndiye tuliyemfungia.

"Mashine yako inawajua wanyama sawasawa," nikamwambia Kokushubila. "Haiwajui Wahaya. Usiwaulize kama ng'ombe alichanjwa. Waulize nani alimchanja na siku gani. Asipotaja jina, mhesabu ng'ombe hajachanjwa."

Alinitazama mpaka nikamaliza, kisha akaanza kuandika. Mtabibu huweka jina la aliyetoa kila kanuni, na zote zilikuwa na jina la Daktari Kamala. Chini ya hiyo mpya akaandika Inspekta Maimuna Zahoro. Nilisogea nisome vizuri.

"Sasa chukua majibu ya Mwalimu," nikasema, "kwenye kutetemeka weka Sijui, na kwenye chanjo weka Sijui."

Akaweka. Mtabibu hakuchukua muda. *Inashukiwa kimeta. Usimpasue mnyama. Yeyote aliyegusa damu au ngozi aende hospitali leo. Dalili kwa mtu: kidonda cheusi katikati, kisichouma, mwili kuvimba na homa.*

Kisichouma. Dawa ya kahawa ingemuunguza Clavery mpaka apige kelele, na yeye alisema hakiumi, mbele yangu, na mimi nikasimama pale kama gogo. Niliogopa, sitaficha. Nikachukua simu.

"Koplo Buberwa, mtoe Clavery mahabusu umpeleke hospitali sasa hivi. Mwambie daktari ashuku kimeta."

"Afande, mwendesha mashtaka anasubiri jalada."

"Jalada haliumwi. Clavery anaumwa. Ukimkuta mwendesha mashtaka mwambie aje aniulize mimi."

Tukapanda gari wawili, mimi na Kokushubila. Barabarani nilikuwa nazihesabu nafsi, waliomgusa yule ng'ombe. Clavery. Wenzake wawili wasiotajwa, ambao kama nao wana vidonda basi wanavificha, maana wameona kidonda kilivyomfunga mwenzao. Na tulipoanza kupanda kilima cha kwenda Kamachumu, nikaukumbuka mkono wa kushoto wa Mwalimu.

Simu ililia kabla hatujafika. Buberwa. Sauti yake ilikuwa imepungua kiburi. "Afande, daktari amempokea, amemtundikia dripu ya dawa. Anasema uvimbe ulikuwa unapanda. Anasema angekaa kule ndani siku nyingine mbili tusingekuwa na mtuhumiwa. Atapona." Kisha akaongeza, "Mimi nilidhani ni dawa, Afande."

"Najua ulichodhani. Kaa naye. Mnunulie chai."

Mwalimu alikuwa sebuleni vilevile, koti lilelile. Kokushubila alipiga goti akamwamkia shikamoo, na uso wa mzee ukang'aa.

"Naona umekuja na mwanafunzi wangu," alisema.

"Nimekuja naye. Mwalimu, mchana ulinipa kahawa nikaondoka kwa haraka. Naomba tena. Kwa mkono wa kulia."

Kokushubila alinitazama kwa mshtuko, maana mtu haongei hivyo na Mwalimu Joackim.

"Inspekta, unanikosea heshima nyumbani kwangu."

"Nitaomba radhi baadaye. Toa mkono, Mwalimu, nisikuzike."

Akautoa polepole, umefungwa kitambaa cheupe safi. Akakifungua mwenyewe. Kidonda kilikuwa juu ya kidole gumba, cheusi katikati, na mkono umejaa.

"Hakiumi," alisema.

"Najua. Kwa nini umekificha?"

"Nilijua ni ile sumu iliyomuua ng'ombe, imenipata nilipomshika. Nikasema watu wakikiona watasema nimemuua ng'ombe wangu mwenyewe nimsingizie Clavery, kwa sababu ya mpaka." Sauti ilikuwa ileile ya mstarini, lakini haikufika mbali. "Mimi, Joackim. Waseme hivyo."

"Si sumu. Mtabibu sasa anashuku kimeta. Kina dawa, ukiwahi. Clavery yuko hospitali anatibiwa. Nani alimchanja ng'ombe wako?"

"Ng'ombe wa mwalimu mkuu asichanjwe?"

"Nani, Mwalimu?"

"Aliletwa na mkwe wangu kutoka Karagwe. Kule wanachanja."

"Uliuliza?"

Alimtazama Kokushubila, si mimi. Nadhani huyo binti ndiye aliyekuwa mzigo mzito kuliko mimi na pingu zangu.

"Mwalimu," nikasema, nikiishusha sauti, "leo nimeulizwa kama ng'ombe alichanjwa chambavu. Sijui chambavu ni nini mpaka sasa hivi. Nikajibu Hapana, kifua mbele."

Kitu fulani kilitaka kucheka mdomoni mwake, kikashindwa.

Kokushubila alimpa simu kwa mikono miwili. "Nikuulize upya, Mwalimu? Wewe ulinifundisha, nikikosa hesabu nirudie kuanzia mwanzo."

Swali likatokea. Mzee alilisoma lote, akavaa miwani akalisoma tena. Kidole chake kilipita kwenye *Ndiyo*, kikakaa hapo kidogo, kikashuka. Akabonyeza cha tatu. Alipomaliza kusoma alichojibiwa, aliirudisha simu, akasimama, akachukua kofia yake.

"Gari lako litanipeleka hospitali?"

"Sasa hivi."

"Tupite kwanza kwa Annastella."

Annastella alikuwa kibanjani, anakusanya migomba iliyofyekwa na kuipanga kando ya miti ya kahawa. Njiani palikuwa na watu, kwa sababu gari la polisi likisimama Kamachumu kila mtu anakuwa na shughuli upande huo. Nilimweleza mama yule kwamba mumewe anatibiwa, daktari amesema atapona, na sitamrudisha mahabusu. Alifumba macho, akashika shina la mkahawa, akakaa hivyo mpaka pumzi ikamrudia. Ndipo alipomwona Mwalimu nyuma yangu.

"Annastella," Mwalimu alisema. "Nimekuja kukwambia kwamba sikujua."

"Sema kwa sauti, Mwalimu. Walioifyeka migomba yangu wamesimama hapo njiani. Nao wasikie."

Nilitaka kumsaidia mzee, nikajizuia. Hilo halikuwa swali langu.

Mwalimu Joackim akawageukia. Wengi wao aliwashika mkono wakiandika herufi ya kwanza. Alivua kofia, akainua mkono wake wenye kidonda wauone.

"Sikumwona ng'ombe wangu akifa," alisema, na safari hii sauti ilifika kila pahali. "Sijui kama aliwahi kuchanjwa. Niliulizwa, nikaona aibu kusema sijui, nikajibu. Clavery hana kosa. Alichonacho mkononi amekipata kwa kunisaidia mimi, na hiki changu ndicho chake. Waliochuna naye wajitokeze. Kuna gari, na kuna dawa."

Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake karibu. Nimesimama mbele ya watu wengi katika kazi hii, nimeona mawakili na wakubwa wakijitetea kwa Kiingereza kizuri, lakini sijaona mtu akisimama wima namna ile huku akijishusha. Nilijivunia kuwa wa huko.

Kisha watu wakasogea kumpisha mwanamume mmoja mnene mwenye panga. Alikuja mpaka kwenye ua wa Annastella, akaliweka panga chini, akaanza kukunjua tambara mkononi. Ilimchukua muda, vidole vilikuwa vimevimba.

"Na mimi, Mwalimu," alisema. Halafu akamgeukia Annastella. "Nilichuna na Clavery. Nikaogopa watanikamata naye, nikataka waone nimo kwenye wanaomchukia. Hii migomba ni mimi."

Annastella alimtazama usoni, kisha akautazama ule mkono. Alijifuta viganja kwenye khanga.

"Panda gari," alimwambia. "Unitajie na yule mwingine tumpitie. Ya migomba utamweleza Clavery mwenyewe, na mimi nitakuwepo."

Nikamfungulia mlango wa nyuma, akapanda, akasogea akamwachia Mwalimu nafasi.